Picha Yenye Tundu, na Bado!

Mwenzangu, acha unachofanya! Nimetoka kuziona picha za Michael Armitage kwa macho yangu mwenyewe, picha zenyewe hasa, si kivuli chake kwenye simu wala ukurasa wa kitabu, zenyewe, kubwa, pana, zimeujaza ukuta toka pembe hadi pembe, na mpaka sasa mikono inanitetemeka na maneno yananisonga kooni, sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye rangi? Kwenye watu? Kwenye matundu? Naam, matundu! Picha zina matundu, jamani, matundu ya kweli kabisa! Jicho linaingia rangini, linaogelea, linastarehe, mara linatumbukia kwenye giza la nyuma ya picha, na hakuna aliyeliziba tundu wala kulionea haya, liko wazi, limekodoa, na ukilitazama sana unahisi na lenyewe linakutazama, na bado!

Ngoja nivute pumzi. Huyu Armitage ni mwana wa Nairobi, kazaliwa huko mwaka 1984, mama Mkikuyu, baba Mwingereza. Akaenda London kusomea uchoraji, akamaliza Slade mwaka 2007 na shule za Royal Academy mwaka 2010, na tangu hapo kwa miaka mingi akawa mtu wa kwenda na kurudi kati ya miji hiyo miwili. Mwaka 2019 picha zake za uchaguzi wa Kenya ziliangikwa Venice, kwenye yale maonyesho ambayo wachoraji wa dunia nzima huyaota usiku na mchana. Mwaka 2021 Royal Academy yenyewe ikamfungulia kumbi zake. Basi, historia inatosha! Hayo utayasoma popote. Mimi nataka kukueleza kilichonipata niliposimama mbele yake, maana picha hizi zinafanya jambo moja la ajabu, la kijanja, la hatari tena tamu: zinakushika kwa uzuri kwanza. Zinakubembeleza, zinakulainisha, zinakupa zambarau na waridi na kijani ambacho hujawahi kukiona maishani mwako, halafu ukishajisahau kabisa ndipo unapogundua unatazama nini. Na ukishagundua umechelewa. Umeshapenda, umeshakaribia, pua iko karibu na picha, huwezi kusema hukuona.

Chukua ile ya mwaka 2022 inayoitwa Curfew, ambayo jina lake linaendelea kwa kutaja mahali na siku: Likoni, Machi 27, 2020. Watu wa Mombasa mpo? Mnaikumbuka siku hiyo? Siku ya kwanza kabisa ya kafyu ya korona. Kafyu ilikuwa ianze saa moja usiku, watu wametoka kazini, wanakimbilia feri wavuke warudi kwao, na saa yenyewe haijafika bado, polisi wakawaingilia kwa rungu na vitoa machozi. Yaani tumeambiwa tukae mbalimbali ili tusiambukizane, na hapohapo watu wanarundikwa pamoja kando ya maji, wanakohoa, wanajifuta macho, pumzi ya huyu usoni mwa yule! Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaomba radhi hadharani kwa ukali uliotumika. Video tuliziona sote. Zilikuja, zikapita, zikafunikwa na nyingine, na nyingine, na nyingine.

Sasa simama mbele ya picha. Haipiti! Ndilo jambo la kwanza lililonigonga kifuani, kwamba haipiti. Umati uko pale, umebanana, mtu ameegemea mtu, na huwezi kusukuma kidole juu ukaendelea na maisha yako. Unatazama sura moja, unahamia nyingine, unadhani umeshaona, mara mkono unatokea mahali ulipodhani ni bahari, mara kivuli kinageuka mtu, mara unarudi kwa yule wa kwanza na kumbe naye amebadilika! Rangi imepakwa nyembamba hapa, nzito pale, pengine imekwanguliwa kabisa mpaka kitambaa chenyewe kikachungulia, chekundu cha udongo, kibichi, cha moto. Nilisahau kwamba miguu inaniuma. Nilisahau kwamba niliokuja nao wameshasonga mbele. Nilibaki pale nikiwa nimeduwaa, nimefurahi, nimekasirika, vyote kwa pamoja, na sikujua kwamba mtu anaweza kuvihisi vyote hivyo kwa dakika moja bila kupasuka.

Na kitambaa! Lo, kitambaa! Nimechelewa wapi kukuambia habari za kitambaa!

Armitage hachori juu ya turubai. Anachora juu ya lubugo, ile nguo ya gome la mti inayotengenezwa Buganda tangu enzi na enzi. Mafundi wanakwenda kwenye mti wa mutuba msimu wa mvua, wanalivua gome kwa uangalifu mno, wanalifunga shina kwa majani ya mgomba ili mti upone na kuota gome jipya, halafu wanalipiga lile gome kwa nyundo za mti, wanalipiga, wanalipiga, linatanuka, linalainika, wanalianika juani mpaka linashika ile rangi ya udongo wa mfinyanzi. UNESCO iliitambua kazi hiyo mwaka 2005 kuwa hazina ya wanadamu wote. Kule ukumbini huruhusiwi kugusa picha, na haki yao, lakini kipande cha lubugo kitupu nilikwisha kukigusa siku moja kwa muuza kazi za mikono, nikakikunja, nikakinusa, nikakiweka shavuni bila aibu, na nakuapia, ni mkono wa bibi aliyelima maisha yake yote: mkavu, wenye joto, wenye mikwaruzo, na bado laini kuliko unavyotarajia. Kinatoa sauti ndogo ukikisugua. Kinanukia moshi na mvua. Nilipoziona picha, vidole vyangu vilikumbuka. Nilikuwa natazama kwa vidole!

Gome haliwi sawasawa, unaona. Mti ulikuwa na matawi, ulikuwa na makovu, wadudu walipita, fundi alipiga zaidi hapa na kidogo pale, basi kitambaa kinatoka na mabonde na vilima na matundu, na pale palipochanika panashonwa kwa mkono, mishono minene inayoonekana wazi. Armitage haviondoi vitu hivyo. Anaviacha! Anachora navyo! Mshono unapita katikati ya shavu la mtu na unakuwa kovu lake. Tundu linaangukia kifuani mwa mwingine, nawe unashtuka, unasema huyu kapigwa risasi, halafu unakumbuka kwamba tundu lilikuwapo kabla ya mchoro, mti wenyewe ulilileta. Nani kaliweka jeraha hapo? Mchoraji? Mti? Fundi wa Buganda? Sisi? Nilijiuliza mpaka kichwa kikauma kwa furaha.

Na bado! Lubugo kule kwao ni kitambaa cha heshima. Ni vazi la kutawazia. Na ni sanda, mwenzangu, ni nguo ya kuzikia, wafalme wa Buganda na watu wa kawaida wamefungiwa humo na kulazwa kaburini. Armitage mwenyewe alikutana nalo Nairobi, kwenye soko la watalii, likiwa limekatwakatwa na kuwa vitu vidogo vya kupamba meza. Hebu fikiria! Kitambaa cha kuwavika wafalme na wafu, kinauzwa kiwe cha kuwekea glasi. Mtu mwingine angesikitika akapita. Yeye akalichukua, akalitanua ukutani, akaanza kuchora juu yake hasa yale ambayo nchi ingependa kuyazika haraka: virungu vya polisi, ahadi za kampeni, mwanamke aliyedhalilishwa njiani. Nilipolielewa hilo nywele zilinisimama. Kila picha uliyoipenda kwa rangi zake, chini yake kuna sanda. Inahitaji hotuba gani tena? Hakuna kauli iliyoandikwa pembeni, hakuna kidole anachonyooshewa mkosaji, na bado siasa imeingia mpaka kwenye nyuzi.

Sasa njoo kwenye picha za uchaguzi, maana hapo ndipo nilipopoteza adabu kabisa nikawa nasema peke yangu kwa sauti. Mwaka 2017, kabla ya ule uchaguzi wa Agosti 8, Armitage alifuatana na waandishi wa habari wa televisheni hadi mkutano wa upinzani bustani ya Uhuru, Nairobi. Wakenya hamhitaji kukumbushwa mwaka ule! Raila Odinga anawaahidi wafuasi wake Kanaani, watu wamefurika, mbiu, filimbi, vuvuzela, matawi ya miti mikononi, kila mtu na vazi lake la ajabu, halafu kura, halafu Mahakama ya Juu inayafuta matokeo Septemba 1, halafu marudio ya Oktoba 26, na katikati ya hayo yote moshi wa vitoa machozi na watu ambao hawakurudi nyumbani. Kutokana na siku ile ya bustani, Armitage alitoa mfululizo mzima wa picha. Moja inaitwa The Promised Land, ya mwaka 2019, na nani wa Kenya atakayesikia jina hilo asikumbuke Kanaani? Nyingine inaitwa Mkokoteni, hivyohivyo kwa Kiswahili, na nilipolisoma jina hilo kwenye kibao kando ya picha, katikati ya watu wengi waliokuwa hawajui hata linavyotamkwa, nilijisikia mrefu ghafla, nikataka kumshika mgeni yeyote bega nimweleze mkokoteni ni nini, nani huusukuma, na jua la saa nane linavyomchoma mgongoni.

Lakini iliyonimaliza ni The Fourth Estate ya mwaka 2017. Ndefu, inakwenda juu, juu, unainua kidevu. Mti. Na juu ya mti, watu! Wamekaa matawini, wamening'inia, wamejipanga, wamepanda ili waone vizuri, unavyowajua watu wa mikutano yetu, palipo na tawi pana mtu, na bango lina sura ya chura! Chura! Unacheka, ni lazima ucheke, ni furaha tupu, ni sikukuu, ni vijana na ujasiri wao. Halafu unaanza kuhofia lile tawi. Litabeba? Limebeba wangapi? Wanachokitazama hatukioni, kiko nje ya picha, upande wetu, na ghafla unaelewa kwamba wao wako juu wanatazama na wewe uko chini unawatazama wakitazama, na hakuna hata mmoja wenu anayejua mti utavumilia hadi lini. Wajuzi husema alimkumbuka Goya, Mhispania yule aliyechora zamani watu waliokaa juu ya tawi kavu, na ni kweli, Armitage huwaita mezani wachoraji wakubwa wa Ulaya bila kuwaogopa. Lakini wallahi, ningekuwa sijasikia jina la Goya maishani mwangu, mti ule ningeutambua. Nimeshawaona watu wale. Nawe umewaona.

Si kila picha ya mfululizo huo ilinishika vilevile, nitakuambia ukweli. Chache zimejaa mno, umati juu ya umati, jicho linazunguka linatafuta pa kukaa, nami napenda zaidi anapompa mtu mmoja nafasi ya kupumua. Lakini hata hizo nilizirudia. Nilirudi nyuma hatua chache, nikasogea tena, nikarudi tena, mpaka nadhani mlinzi wa ukumbi alianza kunifuatilia kwa macho!

Halafu kuna ile ambayo nilikuwa naijua kwa jina tu, na jina lenyewe linaanza kwa alama ya reli: #mydressmychoice, ya mwaka 2015. Novemba 2014, jijini Nairobi, wanaume kwenye kituo cha matatu walimvua nguo mwanamke mchana kweupe kwa sababu eti nguo yake ni fupi, wakamrekodi, video ikasambaa. Wanawake wakaingia barabarani kwa mamia kuandamana chini ya kauli hiyo: nguo yangu, uamuzi wangu. Sasa nilikuwa nimejiandaa. Nilijua picha ni ya jambo hilo. Nilijikaza. Na bado ikaniweza!

Maana unachokiona kwanza ni uzuri, uzuri mtupu, wa kukata maneno. Mwanamke amelala, ametupa mgongo, nyonga imeinuka, kiuno kimeteremka, mwanga unampita taratibu begani. Mkao ni ule wa Venus wa Velázquez, picha maarufu inayokaa London, ambayo watu wamekuwa wakiipigia foleni kuistaajabia. Nami nikastaajabu, nikafuata ule mstari wa mgongo kwa macho, polepole, kwa raha, nikipanda juu, juu zaidi. Nikakuta viatu. Miguu! Miguu ya wanaume, suruali zao, wamesimama wamemzunguka, ile ardhi si kitanda, ni barabara. Moyo ulinipiga kwa nguvu mpaka nikaweka mkono kifuani. Na hebu nikuambie kilichonitoa jasho: wale wanaume wako upande wa pili wa mwanamke. Upande wa huku, palipobaki wazi, nimesimama mimi. Duara limekamilishwa na miguu yangu! Nikatazama viatu vyangu sakafuni. Nikatazama wageni waliokuwa kushoto na kulia kwangu, sote tumejipanga nusu duara, tumetulia, tunatazama. Hakuna gazeti lililowahi kunifanyia hivyo, hakuna hotuba, hakuna maandamano. Gazeti lilinieleza wao walifanya nini. Picha imeniuliza mimi nimesimama wapi.

Jamani nikanywe maji kidogo.

Haya. Usije ukadhani ni huzuni mwanzo mwisho, la hasha! Kuna picha za ngoma! Kuna pwani! Kuna Baikoko at the Mouth of the Mwachema River, ya mwaka 2016, pale Diani mto unapokutana na bahari, na wanawake wanacheza baikoko, viuno vinakatwa, ardhi inatikisika, nami mtu wa kupenda ngoma nilikuwa natafuta ilipo sauti, nilikuwa karibu nipige kigelegele humo ndani. Kuna Nasema Nawe, ya mwaka huohuo, na ukilisikia jina hilo unajua ni wimbo gani, Diamond Platnumz na mama yetu Khadija Kopa, naye Armitage kaupeleka wimbo na viuno vyake kwenye kumbi ambako watu hunong'ona tu! Ni raha, ni majisifu, ni nguvu ya kina mama. Na ndani yake kuna swali pia, maana baikoko imepigwa marufuku, imelaaniwa, imezungumzwa na wakubwa waliokunja uso, na papo hapo imerekodiwa na kutazamwa kwa siri na haohao. Nani ana haki ya kuutazama mwili wa mwanamke anayecheza? Anacheza kwa ajili ya nani? Ukishatoka kwenye ile picha ya kituo cha matatu ukaja hapa, jicho lako halitulii tena, linajihoji lenyewe. Lakini wanawake hawa hawajalala chini! Wamesimama, wanazungusha, wanatawala! Nilitoka pale natabasamu kwa meno yote.

Na rangi, sijazimaliza rangi. Sijui anazipataje. Zambarau yake ina kitu cha jioni ya mvua, kijani kinawaka kwa ndani, waridi linakaa pale ambapo ulitarajia damu. Anapaka, anakwangua, anapaka tena juu ya alichokwangua, na lile gome linazinywa rangi, zinazama, hazikai juu zikang'aa, zinatokea kwa chini. Ukitembea kutoka upande mmoja hadi mwingine, vilima vya kitambaa vinashika mwanga kwa namna tofauti na picha nzima inahema. Inahema! Hilo hutaliona kwenye simu hata uwe na simu ya bei gani. Nilikuwa nimezitazama kwenye simu kwa miaka, nikajiona mjuzi, na kumbe nilikuwa nimeona majina yao tu.

Kuna wachoraji wengine wetu wanaosema na wakubwa, na nawapenda kwelikweli. Michael Soi wa Nairobi huyohuyo na mfululizo wake wa China Loves Africa, rangi bapa, mistari minene, wanasiasa na mabwana wa mikopo wamechorwa bila kufunikwa, unacheka barabarani ukiwa umebeba mkoba wenye mchoro wake begani. Hiyo ni sanaa ya kupaza sauti, na inahitajika mno. Armitage yeye anakaribia sikioni. Anakuacha useme mwenyewe lile neno, na ukishalisema kwa mdomo wako mwenyewe huwezi kumrudishia.

Kinachoniuma, na kinaniuma kweli, ni kwamba picha hizi za Likoni na Nairobi na Diani nyingi zinaishi mbali. Curfew iko kwenye mkusanyo wa Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Watu waliomwagiwa moshi ule kando ya feri, wangapi watapanda ndege kwenda kujiona? Hilo haliniingii akilini wala halipaswi kuniingia. Lakini mtu huyu, na hapa ndipo nilipompenda mara ya pili, hakukaa akalalamika. Mwaka 2020 alianzisha taasisi ya sanaa ya kisasa jijini Nairobi, NCAI, si ya biashara, ili sanaa ya Afrika Mashariki ionwe na kuandikwa na kutunzwa nyumbani. Na picha zake zilipopelekwa Munich na London, alihakikisha wazee wake hawaachwi nyuma: sehemu iliyoitwa Mwili, Akili na Roho ikawaweka ukutani pamoja naye akina Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Elimo Njau, Meek Gichugu, Asaph Ng'ethe Macua na Sane Wadu. Wageni waje kumtazama Armitage, wakutane na waliomfungulia njia! Hiyo nayo ni siasa, tena siasa nzuri.

Na huyo Sane Wadu, ee bwana! Mwalimu aliyeacha chaki akashika brashi, watu wakasema ana wazimu, naye akachora watu na wanyama na hofu zote za Kenya yake kwa miaka na miaka. NCAI ilimfanyia maonyesho mwaka 2022, yakaitwa I Hope So. Ukizitazama kazi zake halafu ukarudi kwa Armitage, unaona kabisa damu inavyopita: ule umati unaobanana, wale wanyama wanaoingilia mambo ya watu, ule uchokozi wenye upole. Kijana hakutoka angani wala hakutengenezwa London. Goya yumo, naam, Velázquez yumo, lakini Ngecha, kile kijiji cha wachoraji wa Kenya, nayo imo, na mtu asikuambie vingine!

Kwa hiyo sikiliza, hivi ndivyo utakavyofanya, maana sitakubali usifanye. Uko Nairobi au unapita Nairobi, nenda NCAI, tazama chochote kilichoangikwa siku hiyo, uliza habari za wazee hawa, kaa humo. Ukifika Kampala, tafuta kipande cha lubugo kwanza, kitupu, ukiguse, ukikunje, ukinuse, wala usione haya mbele ya muuzaji. Na siku ambayo picha ya Armitage itakuwa imeangikwa popote utakapoweza kufika, kwa basi, kwa ndege, kwa kusukumana, nenda! Usisome kibao kwanza. Usirudi nyuma kama wafanyavyo wajuzi. Sogea mpaka mlinzi akohoe, tafuta mshono, ufuate kwa jicho polepole uone unampitia nani, kisha ndipo urudi nyuma uone uko mbele ya nini. Halafu nipigie simu, saa yoyote, hata usiku wa manane, niambie tundu gani lilikushika, maana mimi langu ninalo na sijakuambia bado ni lipi, sitaki nikuharibie!